Shahidi Asiyeitwa

Mwaka 1890 Arthur Conan Doyle alichapisha The Sign of Four, riwaya ya pili ya Sherlock Holmes. Mtu amekufa katika chumba kilichofungwa kwa ndani. Holmes anachunguza dirisha, na kwenye kizingiti chake anakuta doa la udongo lenye umbo la duara. Hahitaji zaidi ya hapo. Doa hilo limeachwa na mguu wa mti, na aliyeupanda ukuta ni Jonathan Small, mfungwa wa zamani ambaye mguu wake uliliwa na mamba katika mto Ganges. Mwaka uliofuata Doyle aliandika The Man with the Twisted Lip, kisa cha ombaomba mwenye kovu la kutisha na mdomo uliopinda. Holmes anamwosha uso kwa sifongo, rangi zinatoka, na chini yake anaonekana bwana mzima mwenye nyumba na mke, aliyekuwa akijichora kovu ili apate sadaka. Visa vyote viwili viliingia kwenye televisheni ya Granada ya Uingereza mwaka 1986 na 1987, Jeremy Brett akiwa Holmes. Ndani yake mna sehemu kubwa ya yale ambayo tamthilia ya uhalifu imeyafanya na ulemavu tangu wakati huo: mwili ulio tofauti ni alama ya kumfuatia mhalifu, na kama si hivyo, basi ni uongo unaosubiri kufichuliwa.

Hoja yangu ni kwamba madhara makubwa ya tamthilia hizi kwa watu wenye ulemavu yako kwenye nafasi wanayopewa ndani ya kesi. Uchache wao ni tatizo, na ubaya wanaovikwa ni tatizo, lakini yote mawili yanatokana na jambo moja. Mwili wao unachukuliwa kuwa kielelezo cha mahakamani, kitu cha kuokotwa, kupimwa na kutolewa maana, huku mwenye mwili akikosa kuitwa kutoa ushahidi. Hadithi ya upelelezi ina kazi ambayo hadithi ya mapenzi haina, nayo ni kuamua nani aaminiwe. Kwa dakika arobaini na tano mtazamaji anafundishwa kupima maneno ya watu: huyu anasema kweli, yule anaficha jambo, mwingine amekosea bila kukusudia. Mtu ambaye katika hadithi hizo hutazamwa mwaka hadi mwaka bila kusikilizwa atatazamwa hivyo hivyo na askari wa zamu anapokwenda kuripoti, na mwendesha mashtaka anayeamua kama kesi ina nguvu, na jirani anayeulizwa kama anaamini alichosimuliwa.

Wazo la kusoma uhalifu kwenye mwili halikuzaliwa kwenye televisheni. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu kilichodai kwamba mhalifu wa kuzaliwa anatambulika kwa maumbile yake: taya, paji la uso, masikio, urefu wa mikono. Sayansi hiyo imetupwa zamani, lakini waandishi wa hadithi waliirithi, na baada yao kamera, kwa sababu kamera haiwezi kupiga picha ya nia ya mtu na inaweza kupiga picha ya kovu. Kati ya 1963 na 1967 Wamarekani walimfuata Dk. Richard Kimble wa The Fugitive, aliyehukumiwa kwa mauaji ya mkewe ambayo hakuyafanya, akimsaka muuaji halisi. Analojua mtazamaji kuhusu muuaji huyo ni kwamba ana mkono mmoja. Anatumia jina la Fred Johnson, lakini hakuna anayemkumbuka kwa jina hilo; kwa misimu minne anaonekana mara chache, anazungumza kidogo, na kila akitokea jicho linakwenda kwenye mkono wa shati. Aliyeigiza nafasi hiyo, Bill Raisch, alipoteza mkono wake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Sehemu ya mwisho, iliyorushwa Agosti 1967, ilitazamwa na watu wanaokadiriwa kufika milioni 78, idadi ambayo televisheni ya Marekani ilikuwa haijawahi kuipata kwa tamthilia ya mfululizo. Mtu aliyetoa mkono wake katika vita ambayo taifa lake linaienzi alipata kazi, naye akaifanya vizuri, lakini taifa hilo halikuwa na nafasi nyingine ya kumpa zaidi ya kuwa kiungo kinachokosekana.

Mwaka 1985 mwanahistoria wa Marekani Paul Longmore, ambaye aliugua polio utotoni, aliandika makala ambayo hadi leo haijapitwa na wakati. Alitazama filamu na televisheni za nchi yake akaona dhana tatu zikijirudia: kwamba ulemavu ni adhabu ya uovu, kwamba mtu mwenye ulemavu ana uchungu na yaliyompata, na kwamba anawachukia wazima na angewaangamiza kama angeweza. Ukizitafakari dhana hizo utaona kwamba zote tatu ni majibu ya swali moja la kipelelezi, swali la sababu ya kosa. Mwandishi anayehitaji kueleza kwa nini fulani aliua anapata jibu la bei nafuu: aliungua uso, akaachwa na mchumba, akalipiza. Hahitaji kuandika maisha yoyote ya mtu huyo. Kwa upande wa maradhi ya akili hali ni mbaya zaidi. George Gerbner na wenzake, waliochunguza televisheni ya Marekani kwa miongo kadhaa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, walikuta wahusika wenye maradhi hayo wakionyeshwa katika vurugu kwa kiwango kinachozidi sana wahusika wengine.

Sasa tuweke kando tamthilia, tutazame uhalifu wenyewe. Takwimu za wizara ya sheria ya Marekani za kati ya 2017 na 2019 zinaonyesha kuwa watu wenye ulemavu walifanyiwa uhalifu wa kimabavu kwa kiwango cha 46.2 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Kwa wasio na ulemavu kiwango kilikuwa 12.3. Ni karibu mara nne. Mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la The Lancet yalifikia picha ya aina hiyo hiyo: watu wazima wenye ulemavu wako katika hatari kubwa zaidi ya kushambuliwa, na wenye maradhi ya akili wako katika hatari kuliko wote. Tamthilia inayojisifu kwa kuiga maisha ya polisi, inayoajiri askari wastaafu wawafundishe waigizaji namna ya kushika bastola na kuzungushia utepe eneo la tukio, imegeuza jambo hili juu chini. Anayeumizwa zaidi ndiye anayeogopwa. Na kwa kuwa anaogopwa, kesi yake haiandikwi.

Lipo pingamizi la wazi hapa, nalo linastahili jibu la kweli. Watu husema hizi ni hadithi za kuburudisha, na mwovu lazima awe na sura fulani. Tukianza kuchagua nani aruhusiwe kuwa mwovu tutabaki na wahusika wasio na damu. Nakubaliana na nusu ya maneno hayo. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuwa katili, mwizi, msaliti, na kumnyima uwezo huo ni kumfanya mtoto. Hector Salamanca wa Breaking Bad, mfululizo uliorushwa kati ya 2008 na 2013, ni mzee aliyepigwa na kiharusi, yumo kwenye kiti cha magurudumu, hawezi kusema, na anawasiliana kwa kugonga kengele kwa kidole. Ni mtu wa kutisha. Lakini ukatili wake ulikuwapo miaka mingi kabla ya kiharusi, na umetokana na ukoo, biashara ya dawa za kulevya na tabia yake mwenyewe. Kiti hakielezi lolote kuhusu roho yake. Zaidi ya hayo, hadithi inamruhusu kuwa na kusudi, na adui yake anapata madhara kwa kudhani kwamba mtu asiyesema hana la kusema. Katika mfululizo huo huo yumo Walter White mdogo, kijana mwenye mtindio wa ubongo, aliyeigizwa na RJ Mitte ambaye ana hali hiyo katika maisha yake, naye anakasirika, anakula kifungua kinywa, anagombana na baba yake. Ulemavu wake haufumbui fumbo lolote. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwandishi ni kama ulemavu wa mwovu wake ndio unaobeba uovu. Akiuondoa na uovu ukakosa maelezo, basi hajaandika mwovu.

Dhana ya mlaghai inanisumbua kuliko ile ya mwovu, kwa sababu inaingia kimyakimya. Filamu ya The Usual Suspects ya mwaka 1995 inamalizika kwa mtu aliyekuwa akichechemea kunyoosha mguu na kutembea sawasawa, na tangu hapo hila hiyo imekuwa mali ya kila mtu: aliye kwenye kiti anasimama, asiyeona anadaka kitu alichorushiwa, bubu anazungumza. Kwa mwandishi ni mshangao mzuri wa dakika ya mwisho. Kwa mtazamaji ni somo kwamba ulemavu ni jambo la kushukiwa hadi uthibitishwe. Mtu anayetembea hatua kumi na kuhitaji kiti kwa safari ndefu anaishi na matokeo ya somo hilo kila siku. Vivyo hivyo mwenye uoni hafifu anayesoma simu kwa kuisogeza karibu na uso, na kiziwi anayeweza kutamka maneno machache. Ulemavu mwingi uko katikati, haujakamilika, unabadilika kati ya asubuhi na jioni. Kwa macho yaliyofunzwa na tamthilia, hali hiyo ya katikati inaonekana ni uongo. Waswahili husema hujafa hujaumbika, na methali hiyo inaweka ulemavu mahali unapostahili, yaani ndani ya uwezekano wa kila mmoja wetu. Hadithi ya mlaghai inauondoa hapo na kuufanya kuwa vazi la wajanja.

Wako watakaonijibu kwamba mambo yamebadilika, na kwamba miaka hii mpelelezi mwenyewe ndiye mwenye ulemavu. Ni kweli kwa kiasi. Kuanzia 2002 hadi 2009 Adrian Monk, mpelelezi wa San Francisco mwenye wasiwasi mkali unaomlazimisha kugusa, kupanga na kunawa bila kukoma, aliwapa watazamaji furaha kubwa, na Tony Shalhoub akapata tuzo tatu za Emmy kwa nafasi hiyo. Kuanzia 2011 Saga Norén wa The Bridge, tamthilia ya Sweden na Denmark, alisomwa na watu wengi kuwa ana usonji ingawa hadithi yenyewe haikulitaja neno hilo. Ufaransa ina Astrid, mtunza nyaraka za kesi za jinai mwenye usonji, ambaye kumbukumbu yake inawashinda maofisa wote wa Paris. Ninazitazama tamthilia hizi kwa heshima. Zimewapa watu wenye usonji mhusika wa kumpenda, na hilo si dogo. Lakini angalia sharti lililofichwa ndani yake. Mtu huyu anavumiliwa kazini kwa sababu anafumbua kesi ambazo hakuna mwingine anayeweza kuzifumbua. Bosi anakaribia kumfukuza, kisha kipaji kinaokoa siku, na kiti chake kinalindwa hadi wiki ijayo. Wenye usonji wengi hawana kumbukumbu ya ajabu, kama ambavyo wengi wasio na usonji hawana. Wanahitaji ofisi isiyo na kelele, maagizo yaliyo wazi, na mwenzao asiyewakebehi. Hadithi inayowafundisha waajiri kwamba mambo hayo hupewa mtu wa maajabu peke yake imewafungia nje wale wa kawaida. Na bado mwili, au akili kwa hapa, inafanya kazi ya kielelezo: ni chombo cha kupata jibu.

Suala la nani aigize huwasha hasira kuliko mengine yote, na huchukuliwa vibaya na pande zote mbili. Ironside, iliyorushwa kati ya 1967 na 1975, ilikuwa na mkuu wa wapelelezi aliyepigwa risasi akabaki kwenye kiti cha magurudumu, na katika mambo mengi ilikuwa mbele ya wakati wake, kwa kuwa Ironside anaamuru, anauliza maswali, anasikilizwa. Raymond Burr aliyeigiza alikuwa akitembea. Ilipofufuliwa mwaka 2013 nafasi ilipewa tena mwigizaji anayetembea, Blair Underwood, na ikaondolewa hewani baada ya wiki chache. Watetezi husema kuigiza ni kujifanya usichokuwa; hakuna anayemtaka mwigizaji wa muuaji awe ameua. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mlango ungefunguka kuelekea pande zote mbili. Taasisi ya familia ya Ruderman ilichunguza televisheni ya Marekani mwaka 2016 ikakuta zaidi ya asilimia 95 ya wahusika wenye ulemavu wanaigizwa na watu wasio na ulemavu. Ikiwa mwigizaji kiziwi angekuwa akiitwa kuigiza wakili, mhudumu wa benki au mke mwenye wivu, bila ukiziwi kutajwa, ningekubali kwamba sanaa ni sanaa. Haitwi huko, na huku kwake pia anarukwa.

Historia ina ushahidi wa kinachotokea anapoitwa. Peter Falk aliondolewa jicho la kulia kwa sababu ya saratani akiwa na miaka mitatu, na Harry Cohn, mkuu wa studio ya Columbia, alimkataa kwa ajili ya jicho hilo la bandia. Falk akaja kuwa Luteni Columbo kuanzia 1968 hadi 2003, mpelelezi anayependwa pengine kuliko wote waliowahi kuonyeshwa kwenye televisheni, na jicho lake halikuwahi kuwa fumbo la kesi yoyote. Robert David Hall, aliyepoteza miguu yote miwili kutokana na ajali ya barabarani mwaka 1978, aliigiza daktari wa uchunguzi wa maiti katika CSI kwa miaka mingi. Dk. Robbins anasimama kando ya meza, anasoma jeraha, anamwambia mpelelezi alichokiona, na neno lake linachukuliwa kuwa la mtaalamu. Huko Uingereza Liz Carr, mwanaharakati wa haki za watu wenye ulemavu anayetumia kiti cha magurudumu, alikuwa Clarissa Mullery wa Silent Witness kuanzia 2013 hadi 2020, mtaalamu wa maabara mwenye mume na ulimi usiomwogopa mtu. Mwaka 2018 tamthilia hiyo ilitoa kisa kiitwacho One Day kuhusu ukatili dhidi ya watu wenye ulemavu. Sidhani ni bahati kwamba kisa hicho kilitokea wakati ambapo miongoni mwa waigizaji wake wakuu alikuwamo mtu anayeyafahamu mambo hayo kwa undani.

Mfano unaonipa matumaini zaidi ni Code of Silence, uliorushwa na ITV mwaka 2025. Rose Ayling-Ellis, mwigizaji kiziwi, ni Alison, mfanyakazi wa kantini ya polisi. Polisi wanalifuatilia genge linalopanga wizi. Wana picha za video lakini hawana sauti, na wanamwomba asome midomo ya watuhumiwa. Mwandishi wake, Catherine Moulton, ana upungufu wa kusikia, na hilo linaonekana katika namna kusoma midomo kunavyoonyeshwa. Herufi zinatokea kwenye skrini zikiwa zimevurugika, vipande vya maneno vinajipanga, vinakataa, vinajaribu tena, hadi sentensi moja inapata maana kwa msaada wa muktadha. Hivyo ndivyo ilivyo. Kwenye midomo p, b na m zinafanana, kiasi kwamba kwa Kiswahili baba, papa na mama ni umbo moja. Linganisha na Sue Thomas: F.B.Eye ya miaka ya 2002 hadi 2005. Ilifanya jambo jema kwa kumpa mwigizaji kiziwi, Deanne Bray, nafasi kuu, na ilitokana na maisha ya mwanamke kiziwi aliyewahi kufanya kazi FBI, lakini midomo ilisomwa humo kwa wepesi wa kushangaza. Alison anafanya kazi ya kubahatisha kwa akili. Anaweza kukosea. Anachoka. Anavuka mipaka aliyowekewa na polisi, anaingia karibu mno na mmoja wa watuhumiwa, anasema uongo pale anapoona unamfaa. Na hapo ndipo tamthilia nzima inapokaa: je, polisi wataliamini neno lake, na kwa kiasi gani, na nani atalipa gharama akikosea? Kwa mara moja mtu mwenye ulemavu amepewa nafasi ya shahidi pamoja na mizigo yake yote, ikiwemo ya kutiliwa shaka kwa haki, kama anavyotiliwa shahidi mwingine yeyote.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili haliko mbali. Hadithi yetu ya upelelezi ina undugu na ile ya Uingereza. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza kuchunguza Unguja katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ana kiko na mantiki ya Holmes. Kenya imeanza kutengeneza tamthilia za polisi za kiwango cha juu, Crime and Justice ya Showmax ya mwaka 2021 ikiwa mojawapo, na nyingine zitakuja. Wanaoziandika wana bahati ambayo labda hawaijui: sheria zetu zimewatangulia. Sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania, zenye mizizi katika Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, zinamruhusu shahidi asiyeweza kusema kutoa ushahidi kwa njia nyingine inayoeleweka, kama maandishi au ishara, mbele ya mahakama. Ina maana sheria ya karne ya kumi na tisa ilimpa mtu huyo nafasi ya kusema ambayo tamthilia ya karne ya ishirini na moja bado inasita kumpa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unataka washiriki ipasavyo katika mwenendo wa haki, na unataja waziwazi ushiriki wao kama mashahidi. Unataka pia polisi wafundishwe. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya nchi hiyo ya mwaka 2003 iliagiza vituo vya televisheni viweke mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi kwenye taarifa za habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa. Tamthilia haikutajwa. Mtazamaji kiziwi alihakikishiwa kwamba atajua nani ameuawa mjini, lakini si kwamba ataweza kufuatilia hadithi ambayo jamii yake inajisimulia kuhusu mauaji.

Na kuna uhalifu wetu wenyewe ambao hakuna nchi ya kutusimulia. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino nchini Tanzania na katika nchi jirani waliuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, na dunia ikastuka kiasi kwamba Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliweka mtaalamu huru wa suala hilo mwaka 2015. Katika miaka ile ile sinema zilikuwa zikionyesha The Da Vinci Code, filamu ya mwaka 2006, ambayo muuaji wake ni mtawa mwenye ualbino. Sisemi moja lilizaa lingine. Nasema mwandishi wa huku anayetaka kuandika tamthilia ya uhalifu yenye uzito hana haja ya mtawa wa kutisha. Ualbino huja na uoni hafifu. Shambulio linapofanyika usiku, wakili wa utetezi anajua aanze kumhoji manusura wapi: ulimwona kwa mwanga gani, kwa umbali gani, miwani yako ilikuwa wapi? Manusura anaijua sauti, anaijua harufu, anaujua mwendo wa mtu aliyeishi naye kijiji kimoja. Ushahidi huo utapimwaje kwa haki, bila kumdharau aliyeumizwa na bila kumfunga asiye na hatia? Swali hili lina mvutano kuliko kovu lolote la kubandika, na mtu wa kulibeba kwenye skrini yumo kwenye jamii zetu.

Najua jibu la watayarishaji: fedha. Kazi inafanyika kwa bajeti ndogo, siku za kupiga picha ni chache, na kumleta mkalimani au kutafuta eneo lisilo na ngazi kunaongeza gharama. Ni kweli kunaongeza. Lakini waigizaji wenye ulemavu hawakukosekana Uingereza kwa sababu ya umaskini. Mwaka 2021 mwandishi Jack Thorne, ambaye baadaye alishiriki kuandika tamthilia ya Adolescence, alitumia hotuba kuu ya tamasha la televisheni la Edinburgh kusema kwamba televisheni imewaangusha watu wenye ulemavu, na kundi aliloliunda na wenzake lilianza na mambo ya chini kabisa: vyoo, milango na ngazi za studio. Huko fedha zilikuwapo na vyoo havikuwapo. Kwetu, ambako mfululizo mwingi unapigwa katika nyumba za kukodi, kuchagua nyumba ya chini badala ya ghorofa ni uamuzi wa meneja wa eneo, na hauhitaji mfadhili.

Kinachohitaji ujuzi zaidi ni uandishi na uongozaji. Mwongozaji aliyezoea kuvuta kamera karibu na uso wakati wa mahojiano atakata mikono ya shahidi kiziwi nje ya picha, na kwa kufanya hivyo atakuwa amemnyamazisha. Lazima ajifunze kupanga picha upya, na mhariri naye ajue sentensi ya ishara inaishia wapi kabla hajakata. Mwandishi anayeweka tukio la kituo cha polisi lazima aamue nani anatafsiri, kama mkalimani huyo ni ndugu wa mtuhumiwa, kama askari anamtazama shahidi au anamtazama mkalimani. Maamuzi haya yanaathiri mwendo wa hadithi, kwa hiyo watu wenye ulemavu wanaoajiriwa kuyatolea ushauri, au vizuri zaidi kuyaandika, waingie kazini mswada ukiwa bado wazo. Mshauri anayeitwa siku ya kupiga picha hukuta muuaji ameshachaguliwa, sababu yake imeshaandikwa na shahidi ameshaondolewa, na kazi anayobakiwa nayo ni kumsahihisha mwigizaji namna anavyosukuma kiti.